Fundo la Mlozi Mchungu

Wametusimulia waliotutangulia, nao walisimuliwa na wakweli wao, kwamba katika kijiji kimoja cha milimani, nchi ya Shamu, paliishi mwanamke mcha Mungu jina lake Atika binti Sahl. Alikuwa mjane, mfungaji wa Jumatatu na Alhamisi, na swala hakuichelewesha hata siku ya theluji. Tumbo lake lilijua kufunga. Macho hayakufunga hata siku moja. Ukuta wa bustani yake ulikuwa na jiwe lililolegea, na kwa tundu la jiwe lile Atika alijua jirani yake kala nini kabla jirani mwenyewe hajanawa mikono.

Jirani huyo aliitwa Dhakwan, mzee asiye na mke wala mtoto, mtu wa ibada na mchache wa maneno. Na mtu mchache wa maneno, wanangu, sisi huwa tunamjazia yale asiyoyasema.

Nchi ile baridi yake inauma. Ikifika mwisho wake, theluji ikianza kuyeyuka, kila mwenye bustani nyuma ya nyumba hutoka na jembe. Hufagia majani yaliyooza, huzibua mfereji, hutandaza samadi ya kondoo, hupogoa mizabibu, hupanda vitunguu na giligilani na yale maharagwe makubwa yasiyoogopa baridi. Kazi ni zile zile kila mwaka, na kila mtu anajua jirani yake anafanya nini kwa kuwa na yeye anafanya hilo hilo. Ndiyo maana mwaka ule Atika alishtuka.

Alikuwa akitandaza samadi asubuhi, akapitisha jicho tunduni kama ilivyo kawaida yake. Akamwona Dhakwan amepanda ngazi kwenye mlozi wake.

Mlozi ule ulikuwa na historia. Shina lake lilikuwa kwa Dhakwan, lakini tawi lake moja nene liliinamia kwa Atika, na kila mwaka lilimwaga lozi chungu juu ya matuta yake, lozi ambazo hata mbuzi alizitema. Miaka ishirini Atika alilalamika, na miaka ishirini Dhakwan alijibu, "Nimesikia, dada yangu."

Siku ile tawi hilo lilikuwa limekatwa, limebaki gutu. Dhakwan akalipasua gutu kwa kisu katikati. Akasogeza mdomo, akapuliza mara tatu. Akachomeka kitu ambacho Atika hakukiona vizuri, midomo yake ikichezacheza. Kisha akachana kilemba chake cha zamani vipande virefu, akazungusha, akafunga fundo, akalikaza kwa meno. Juu yake akapaka udongo.

Atika akaacha koleo ndani ya samadi. Nani asiyejua, aliwaza, kwamba wachawi hufunga mafundo na kuyapulizia? Kila siku tunajikinga nao kwa Mola wetu. Na huyu kafunga upande gani? Upande wa kwangu.

Baada ya siku tatu kuku wa Atika akaacha kutaga. Siku ya tano chungu kikapasuka motoni. Siku ya saba mwanawe Mundhir, mtu mzima mwenye ndevu zake, akashikwa na homa. Kuku aliacha kutaga kwa sababu alikuwa mzee. Chungu kilikuwa na ufa tangu Ramadhani. Lakini dhana haitaki sababu, inataka foleni tu. Jambo likisimama nyuma ya jingine, dhana husema hili ndilo lililozaa lile.

"Mama," alisema Mundhir chini ya mablanketi, "homa hii wanayo wachungaji wote wa bondeni."

"Wachungaji wa bondeni hawana tawi lililoelekezwa vichwani mwao. Kunywa uji."

Akaenda ukutani, safari hii akasimama juu ya jiwe ili aonekane.

"Dhakwan, umefunga nini kwenye mti wako?"

"Tawi, dada yangu."

"Tawi linafungwa? Limevunjika mguu?"

"Nimelitia tawi jingine ndani yake. Litashika, inshallah."

"Mti wako una matawi mangapi?"

"Saba."

"Ukachagua linaloelekea kwangu."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Nina nia yangu, na nia anaijua Mola."

Jibu hilo ni zuri mbele ya Mungu. Mbele ya jirani mwenye mgonjwa ndani ni jibu baya sana. Atika akajitanda ushungi, akaenda kwa kadhi.

Siku hizi bwana shamba yeyote atakwambia kazi ile inaitwa kubebesha: tawi la mti mzuri unalibebesha kwenye mti mbaya, unafunga, unasubiri. Lakini watu wa kijiji kile miti yao yote ilitoka kwenye kokwa, na baba zao hivyo hivyo. Walipojaa bustanini kwa Dhakwan pamoja na kadhi, kila mmoja alitazama lile fundo la udongo kama anayetazama kichwa cha nyoka.

"Lifunguliwe," alisema mchinja kondoo, aliyekuwa na sauti kubwa kuliko akili.

Dhakwan akamgeukia kadhi. "Mkilifungua leo mtakuta kijiti cha mlozi mtamu. Alinipa msafiri, kilikuwa kimoja tu, kimetembea siku tisa ndani ya sufu iliyoloweshwa. Kikipata upepo sasa kitakufa. Mkingoja siku arobaini mtakuta jani."

"Na kwa nini ulipuliza?" akauliza kadhi.

"Kuondoa unga wa msumeno."

"Na midomo ulikuwa ukisema nini?"

"Bismillahi, ewe kadhi. Wewe ukianza kazi husemi?"

Watu wawili watatu walitaka kucheka, wakamtazama Atika, wakaacha.

Kadhi alikuwa mtu wa haki, lakini naye alikuwa na watoto nyumbani na hakupenda mafundo. Akasema, "Tutangoja siku arobaini. Likiwa na jani, Atika atakuomba radhi mbele ya watu hawa. Likiwa kavu, Dhakwan, utahama kijiji hiki."

"Nimeridhia," alisema Dhakwan.

Tangu siku ile hakuna aliyejibu salamu yake kwa mdomo wazi. Zamu yake ya maji ikarukwa, mfereji ukapita mlangoni kwake umejaa, ukaenda kwa wengine, na maharagwe yake yakasinyaa. Akabeba maji kwa ndoo kutoka kisimani, safari kumi na mbili asubuhi, na hakumshitaki mtu. Atika aliyahesabu yote kupitia lile tundu. Akajiambia: mwenye kosa ndiye anayenyamaza hivi.

Homa ya Mundhir ikapanda, ikashuka, ikapanda. Ikafika Alhamisi ya siku ya ishirini na tisa. Jioni ile, baada ya magharibi, Mundhir akafungua macho akasema, "Mama, nipe mkate na kitunguu." Akala, akaomba tena.

Hapo mwanamke mwenye akili angesujudu akalala. Atika alisujudu, ila hakulala. Aliwaza, leo amekula, na kesho fundo likivutwa je? Siku kumi na moja zimebaki. Nani atamlinda?

Ijumaa, wanaume walipokwenda msikitini na sahani tupu ya Mundhir ikiwa bado jikoni, Atika akapanda ukuta. Mwanamke wa miaka hamsini na minane, mjane, mfungaji, akapita juu ya ukuta wa mtu kwa tumbo kama mwizi wa makomamanga. Akapanda ngazi, akapasua udongo, akalifungua lile fundo.

Hapakuwa na nywele. Hapakuwa na kucha wala sindano. Palikuwa na kijiti chembamba kilichochomekwa kwenye gutu, na ubavuni mwake chipukizi la kijani, dogo kama jino la kwanza la mtoto.

Akakizungushia kitambaa upesi, akafunga, akapaka udongo, akarudi kwake. Alasiri ile Mundhir akasimama kwa miguu yake, na wanawake wa jirani wakaja kumshukuru Mungu pamoja naye. Atika akawapa tende.

Siku kumi zile zilimwendea vibaya. Alipanda giligilani, akasahau kuzifukia, ndege wakala. Akiinua mikono kuomba, aliona udongo chini ya kucha ambazo alikwisha kuziosha kwa majivu mara tatu.

Siku ya arobaini kadhi akaja na watu wake. Udongo ukapasuliwa. Kijiti kilikuwa cheusi, kikavu.

"Basi yamekwisha," alisema mchinja kondoo. "Mundhir kapona na uchawi umekauka. Tunangoja nini?"

Dhakwan alikishika kile kitambaa kabla hakijatupwa. Yeye alifunga fundo la wachunga kondoo, lile lisilolegea kwa upepo. Hili lilikuwa fundo la kufungia mkate, ambalo wanawake wote wa kijiji walifunga wakipeleka chakula shambani. Akalipapasa kwa kidole gumba. Watu wa mbele walimwona akilipapasa, hawakujua kwa nini. Mmoja tu nyuma yao alijua.

"Una la kusema?" aliuliza kadhi.

"Kijiti kimekufa, ewe kadhi. Nakiona kama unavyokiona."

"Huna wa kumlaumu?"

"Sikuona kitu kwa macho yangu." Akakikunja kitambaa, akakitia kifuani. "Nitaondoka kesho. Mfereji nimekwisha kuuzibua, atakayekuja asihangaike."

Tazama sasa jinsi mtihani unavyokuja. Atika hakutakiwa kusema uongo. Alitakiwa kunyamaza tu, na kunyamaza kunafanana sana na adabu.

"Ewe kadhi," alisema, "fundo hilo ni langu."

Watu wakageuka.

"Ijumaa ya siku ya thelathini, mlipokuwa mnaswali, nilipanda ukuta nikalifungua. Nilikuta kijiti na chipukizi bichi. Hakuna kingine. Nikafunga tena kwa mkono wangu kama nifungavyo mkate. Mimi ndiye niliyekiua."

Mchinja kondoo akamfungulia mlango wa kutokea, tena mpana. "Na siku hiyo hiyo mwanao akasimama. Si ndiyo dalili? Ulipolifungua, uchawi ukavunjika."

Mlango huo Atika aliuona. Kijiji kizima kingeupita pamoja naye.

"Mundhir aliniomba mkate na kitunguu jioni ya Alhamisi, kuamkia Ijumaa hiyo," alisema. "Homa iliondoka kabla sijaugusa ukuta. Nilijua, nikaenda hivyo hivyo."

Kadhi akamgeukia Dhakwan. "Ulijua?"

"Nilijua fundo si langu. Mfungaji sikumwona."

"Mbona hukusema hata hilo?"

"Ningelisema, kila mwanamke hapa angetazamwa mikono."

Kadhi akaamuru Dhakwan abaki kwake na zamu zake za maji alipwe zote, na Atika alizibe lile tundu kwa mkono wake.

"Nisamehe, Dhakwan," alisema Atika mbele ya watu.

"Nimekusamehe. Lakini kijiti kilikuwa kimoja."

Atika akaliziba tundu kwa udongo na majani makavu. Kabla baridi nyingine haijaisha, akamtuma Mundhir safari ya siku tisa, naye akarudi na vijiti vitatu ndani ya sufu iliyoloweshwa. Asubuhi moja, theluji ikidondoka kutoka kwenye paa, Dhakwan alipanda ngazi na Atika akaishika chini.

"Tawi lipi?" aliuliza Atika.

"Lile lile, chini kidogo ya kovu."

"Matawi saba, Dhakwan. Kwa nini lile?"

Dhakwan akapuliza unga wa msumeno. "Miaka ishirini unaniambia lozi zangu zinakuharibia matuta. Tawi limekwisha kuinama kwako, siwezi kuliinua. Nikaona angalau liwe tamu."

Atika akaitazama ile ngazi. "Ungeniambia."

"Ningekuambia ukishakula. Mwaka wa nne, tawi likishazaa." Akamteremshia vipande vya kitambaa. "Shika hapa, ufunge."

"Funga wewe," alisema Atika. "Mimi la kwangu nilikwisha kulifunga."

Haya ndiyo waliyotuachia. Ukimwona jirani yako anafunga asichokueleza, muulize, na akikujibu nusu, iache nusu ya pili kwa Mola wake urudi kwenye samadi yako, haijitandazi yenyewe. Na kama umekwisha kulifungua fundo la mtu, sema ni wewe kabla hajafunga mizigo. Mwenyezi Mungu awarehemu wale wawili, na atulinde sisi na macho yetu wenyewe.