Karani na Ncha Mbili za Gombo

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Khurasani palikuwa na karani wa kadhi aitwaye Hanzala bin Yusr. Alikuwa mcha Mungu, hakukosa safu ya kwanza msikitini, na watu walisema kalamu yake haikosei. Naye, masikini, aliamini hivyo.

Msikiti wa mji ule ulichomwa moto. Mzee Ubaid alishuhudia kwamba alimwona mchomaji akikimbia, mkono wake mmoja umejeruhiwa. Kwa ushahidi huo, kama Hanzala alivyouandika, mfinyanzi aitwaye Dhakwan, aliyekuwa na jeraha mkono wa kushoto, akatiwa gerezani.

Baada ya miaka minne akaja kadhi mpya, akaamuru shahidi asikilizwe tena. Desturi ya makarani ilikuwa kuendeleza gombo lilelile: huacha wazi sehemu ya mwisho tu, nyingine zote zikaviringishwa. Mzee Ubaid, ambaye sasa hakusikia vizuri, aliketishwa ubavuni pa Hanzala. Akainua mkono, akasema, "Ulikuwa huu." Hanzala akaandika: wa kulia.

Moyo ukamshtuka, kwani alikumbuka neno jingine mwanzoni. Akalifungua gombo hadi mwanzo, mwisho ukapotea ndani ya viringo. Akarudi mwisho, akayatilia shaka aliyoyasoma. Akaenda nalo nyumbani. Mkewe Rumaisa akamwambia, "Baba Yahya, likunje, kichwa kikae kando ya mkia." Hanzala akazikandamiza ncha zote mbili kwa jiwe la kusagia.

Huku kushoto, huku kulia. Shahidi ni mmoja, mwandiko ni mmoja.

Hapo Hanzala akakumbuka kwamba siku ile ya kwanza mzee alikaa mbele yake, wakitazamana. Aliinua mkono huohuo wa kulia, naye akaandika upande aliouona yeye: wa kushoto.

"Kijisu cha kukwangulia wino kipo," alisema kwa sauti ya chini. "Nikilibadilisha neno la leo, hakuna atakayejua."

Rumaisa akalia. "Mola anajua, mume wangu. Na Dhakwan naye anajua."

Asubuhi Hanzala alisimama mbele ya kadhi na watu wote, akawaonyesha ncha mbili, akakiri kosa lake. Dhakwan akafunguliwa siku hiyohiyo. Hanzala akamfuata hadi makaburini, akamwomba radhi.

Dhakwan akasema, "Mama alikuja gerezani kila Ijumaa. Kila Ijumaa aliniuliza kwa nini niliichoma nyumba ya Mungu. Nilimwapia sikuichoma, naye akanijibu, 'Hanzala haandiki uongo.' Amezikwa mwezi uliopita, nami nimo gerezani. Miaka yangu nimekusamehe. Ya mama yangu siwezi kukusamehe kwa niaba yake."

Tunamwomba Mola amghufirie Hanzala, kwani alisema kweli, na nachelea wengi wetu tungekwangua. Lakini kila nikikisimulia kisa hiki namfikiria yule mama, aliyekufa akimwamini karani mcha Mungu kuliko mwanawe.