Askari Aliyetoa Sauti Yake Langoni

Alikuwapo Sultani Ghanimu bin Nasri, mwenye kuutawala mji wa Kafurani, na katika jeshi lake mlikuwa na askari mmoja maskini, jina lake Shekue, hana shamba wala nyumba, ila Mola alimruzuku sauti, na alipoimba kwenye zamu yake juu ya ukuta hata punda waliacha kula. Na binti Sultani, Mwana Rukia, alikuwa akimsikiliza dirishani, akampenda kabla hajamwona uso, naye Shekue alijua, akawa anamwimbia yeye, nasi tunajua mapenzi ya namna hiyo hayana dawa.

Asubuhi moja adui wakaja wengi kama siafu, wakalivunja lango, na askari mia tatu wa Sultani wakalala chini kwa majeraha, hawawezi hata kutambaa. Akabaki Shekue peke yake penye pengo, na upanga wake umekatika nusu. Ndipo akatoka jini chini ya kizingiti, akamwambia, "Ewe mwanadamu, nipe sauti yako milele, nami nitakupa nguvu za watu elfu hadi jua litue."

Shekue akalia, wallahi alilia, maana hakuwa na kitu kingine cha kumpa Mwana Rukia. Akawatazama wenzake, akasema, "Bwana jini, hawa wana mama zao. Chukua."

Basi akapigana, na akajeruhiwa mahali saba, na hakurudi nyuma hata unyayo, na jua lilipotua adui walikuwa wakikimbia, wameacha hata viatu.

Sultani akampa binti yake amwoe. Siku ya ndoa, ukumbini, kadhi akasema, "Nimekuoza Mwana Rukia binti Ghanimu. Umekubali?" Shekue akafungua kinywa, kisitoke kitu, na aibu ikamshika. Wale askari mia tatu, wengine na magongo yao, wakainuka wakapaza sauti, "Amekubali!"

"Nyamazeni!" Kadhi akacheka hata kilemba kikamwanguka. "Namwozesha mume mmoja, si jeshi zima! Bwana Shekue, weka mkono kifuani. Ishara ya bubu ni kauli yake."

Akauweka. Na nyuma ya pazia Mwana Rukia akasema, "Mwambieni mume wangu, nyimbo zake zote ninazo. Aje nimwimbie."

Vigelegele vikapigwa siku saba, na wakaishi katika neema na mali tele. Nawe unayesikia, jua haya: atoaye kilicho chake cha pekee kwa ajili ya wenzake, Mola humpa vinywa mia tatu vya kumsemea.