Saa ya Bwana Nyati Haisemi Uongo

Hapo zamani za kale, ila si kale ya mbali sana maana saa za mkononi zilikwisha kufika msituni, alikuwapo Kindi mmoja aliyeishi na mumewe na watoto watatu katika tundu la mti. Mtoto wa kwanza aliitwa Tiki, kwa hiyo majirani wakamwita mama huyo Mama Tiki. Nyumba yao ilikuwa ndogo, safi, na yenye kelele. Kelele za nini? Za saa, wanangu. Tiki-tiki-tiki, taka-taka-taka, kutwa kucha.

Mama Tiki alikuwa na wazimu wa saa. Wala si saa za asili, zile ambazo moja tu unaweza kuolea mke. Yeye alipenda za bandia, zilizoigizwa vizuri mpaka macho yakachanganyikiwa. Aliziokota, aliziomba, alizibadilisha kwa karanga. Akishazipata hakuziacha zilivyo. Alizifungua mgongo kwa bisibisi nyembamba kama mwiba, aking'oa mishale ya hii akaipa ile, akipaka uso rangi ya samawati, akivua mkanda wa ngozi na kuvisha wa shanga. Hakuuza hata moja. Ilikuwa raha yake tu, kama wewe hapo na mpira wako wa makaratasi.

"Mama Tiki," mumewe alimwambia siku moja, "nimefungua kopo la sukari, nimekuta saa."

"Ya mkanda gani?"

"Wa kijani."

"Afadhali. Naitafuta tangu juzi."

"Na sukari je?"

"Hiyo nayo tuitafute," alisema Mama Tiki, akaendelea na bisibisi yake.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa pana jambo. Nyinyi mnajua saa zinavyotuzungusha. Mshale uko kwenye saba, sisi tunasema saa moja. Mshale uko kwenye kumi na mbili, tunasema saa sita. Tumezoea, tunasoma upande wa pili bila hata kufikiri. Mama Tiki alisema huo ni usumbufu wa bure. Alifungua saa, akautoa uso wenye namba, akaugeuza chini juu, akaurudisha mahali pake. Basi ikifika saa moja, mshale unaonyesha moja. Ikifika saa sita, unaonyesha sita.

Majirani walifurahi mno. Mzee Kobe akapewa moja, akaivaa shingoni. Pimbi akapewa moja, akawa anaitazama hata asipoulizwa. Msitu mzima wa wadogo ukawa na saa za bandia zenye nyuso zilizogeuzwa.

Siku moja akaja Bwana Nyati. Udongo ulitangulia kutikisika, du, du, du, kisha zikaonekana pembe, kisha mwenyewe. Mkononi alikuwa na saa ya dhahabu kubwa kama kifuniko cha sufuria.

"Nasikia wewe ndiye mjuzi wa saa," alisema. "Basi leo uone saa. Hii ni ya asili. Imetoka ng'ambo, kwa mjomba wangu."

Mama Tiki akaitazama. Mshale wa sekunde ulikuwa unaruka, tik, tik, tik. Yeye alijua kwamba saa ya asili ya aina ile mshale wake hauruki, huteleza taratibu kama mafuta. Papo hapo akatambua kuwa ile ni bandia, tena bandia rahisi ya kuuzwa kwa mafungu sokoni. Lakini wapenzi wa saa za bandia wana adabu yao: hawamwaibishi mtu kwa kilichoko mkononi mwake.

"Ni nzuri sana, Bwana," alisema, na alisema kweli. "Ukipenda nitaugeuza uso, ikusomee vizuri kama za wenzako."

Nyati akavuta mkono nyuma. "Wewe uiguse hii? Hivyo vidole vyako vimezoea takataka. Saa za bandia zinasema uongo, ndiyo maana mnazipindapinda. Yangu haisemi uongo. Usiiguse kamwe."

"Sawa, Bwana. Sitaigusa."

Akaondoka zake, du, du, du. Mama Tiki aliumia, nisiwafiche. Mtu akitukana kile unachokipenda, ni sawa na kukutukana wewe. Lakini akauma ulimi.

Kiangazi kikaingia. Mto ukakauka, visima vikakauka, likabaki bwawa moja tu. Nyati akajitupa katikati yake, pwaa, akalala matopeni na kutoa amri bila kuinuka.

"Maji haya yanataka utaratibu. Nyinyi wadogo mtakunywa kuanzia saa kumi na mbili ya jioni mpaka saa sita ya usiku. Zamu yangu mimi ni kuanzia saa sita ya usiku mpaka saa kumi na mbili ya jioni."

"Lakini Bwana," alisema Mzee Kobe, "hiyo yako si ni kutwa nzima?"

"Mwili mkubwa, kiu kubwa."

"Na jioni ndipo Chui anaposhuka kunywa."

"Basi mkirimuni," alisema Nyati, akapiga mapovu kwenye tope.

Jioni ya kwanza Pimbi alijitia ushujaa, akashuka na kibuyu. Alirudi mbio bila kibuyu, na bila mkia. Ndio, Pimbi alikuwa na mkia, tena mzuri. Mtazameni leo mniambie uko wapi.

Baada ya hapo hakuna aliyethubutu. Wakawa wanalamba umande wa majani, na umande nao ukaadimika. Siku ya tatu midomo ya Tiki ilipasuka, akawa halii tena, amelala tu kando ya mama yake.

"Tuhame," alisema Baba Tiki.

"Tuhamie wapi na mtoto hawezi kusimama?"

"Sasa tufanyeje? Mwenye nguvu mpishe."

Mama Tiki alikuwa akimtazama mtoto, na moyo ulimuuma. Masikio yake yalijaa mlio wa saa zake zote. Akaokota moja ambayo hajaichezea bado, yenye uso wa kiwandani, namba kumi na mbili ikiwa juu. Akaitazama. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Baba Tiki," alisema polepole, "nipe ubao na mkaa."

Asubuhi ile ile akaenda bwawani na ubao kwapani. Alipita kando kando, maana Nyati akikukanyaga hata hajui kama amekukanyaga.

"Bwana Nyati, shikamoo."

"Marahaba. Si zamu yenu."

"Sikufuata maji, Bwana, nimefuata heshima yako. Huko kwetu watu wanabishana kuhusu saa. Ya Kobe inakimbia, ya Pimbi inachelewa. Nimewaambia, jamani, hizi zetu za bandia tuziache nyumbani, tufuate saa moja tu, ya Bwana Nyati."

Nyati akainua kichwa kutoka matopeni. "Hapo umesema."

"Nimeona tuiandike amri yako ubaoni, kila mtu aione. Sikiliza: Wadogo, 12 mpaka 6. Bwana Nyati, 6 mpaka 12."

"Ndivyo nilivyosema."

"Na hapa chini: Kinachoonyeshwa na uso wa saa ya Bwana Nyati, hicho ndicho cha kweli."

Kilemba cha ukoka kilimkaa Nyati barabara. Alitabasamu mpaka tope likamdondoka mashavuni. Namba alizijua, wanangu, kufikiri ndiko kulikomchosha.

"Ongeza na hili," alisema. "Atakayesema saa hii ni ya uongo, amepoteza zamu yake."

"Hilo mimi nisingethubutu kulifikiria," alisema Mama Tiki, akaliandika kwa herufi kubwa. Nyati akakandamiza kwato lake lenye tope chini ya maandishi, paa, ikawa muhuri. Ubao ukasimamishwa ukingoni.

Jua likapanda. Lilipofika utosini, kivuli cha kila mnyama kikiwa chini ya tumbo lake, Nyati alisikia vishindo vidogo vingi. Akafumbua jicho moja. Kobe huyo, Pimbi huyo, Kanga na vifaranga vyake hao, na mbele yao Mama Tiki, na Baba Tiki akiwa amembeba mtoto mgongoni. Kila mmoja ana kibuyu.

"Mmefuata nini?" aliuliza.

"Zamu yetu, Bwana," alisema Mama Tiki.

"Zamu yenu? Saa sita ya mchana hii!"

"Pengine. Sisi saa zetu tumeziacha nyumbani. Hebu tusomee yako, mishale imesimama kwenye namba gani?"

Nyati akaitazama saa. Mishale miwili ilikuwa imelaliana, imeelekea juu. "Kumi na mbili," alisema. "Lakini hiyo ni sita."

"Ni kumi na mbili au ni sita?"

"Imeandikwa kumi na mbili, inasomwa sita. Hata mtoto mchanga anajua!"

"Kwa hiyo saa inaandika jambo, na kweli ni jambo jingine?"

Nyati akafungua kinywa. Pimbi, ambaye bado alikaa upande kwa maumivu, akaanza kusoma ubao kwa sauti: "Atakayesema saa hii ni ya uo..."

"Sijasema! Sijasema ni ya uongo!" Nyati akakifunga kinywa haraka. Alitazama ubao, akatazama kwato lake mwenyewe lililopigwa pale chini. Kisha uso ukamng'aa, akasimama, maji yakamwagika pembeni, shwaa.

"Wewe Kindi. Una bisibisi yako?"

"Ninayo."

"Ugeuze uso wa saa hii sasa hivi, uwe kama za hao wenzako. Sita ikae juu."

Hapo moyo wa Mama Tiki ulienda mbio kuliko saa yoyote aliyowahi kuifungua. Nyati alikuwa amemsogelea, pumzi yake ya moto inampeperusha manyoya. Nyuma yake alimsikia Tiki akikohoa, kikohozi kikavu.

"Bwana, uliniambia nisiiguse kamwe."

"Sasa nakuambia iguse."

"Mimi nachezea saa za bandia tu. Ya asili siigusi, nitaivunjia heshima na jina lako liharibike ng'ambo kwa mjomba. Lakini ukitamka mbele ya hawa kwamba hii yako ni ya bandia, nitaugeuza uso kabla hujapiga chafya."

Mshale wa sekunde ukaruka, tik, tik, tik, na wote wakausikia.

Nyati akaiangalia saa yake kwa muda mrefu. Mama Tiki akamtazama machoni, akaona jambo ambalo hakulitegemea: Nyati alikuwa anajua. Alijua siku zote kwamba ni ya bandia, na kwamba hakuna mjomba ng'ambo. Nusura amwonee huruma. Nusura tu, maana mtoto alikohoa tena.

"Saa yangu ni ya asili," alisema Nyati kwa sauti ndogo. Akatoka bwawani, mguu mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne, akasimama ukingoni. "Tena haisemi uongo. Ni saa kumi na mbili. Kunyweni."

Hawakungoja aseme mara mbili. Vibuyu vilizama, gulu-gulu-gulu. Kobe alinywa mpaka akashindwa kuingiza shingo. Mama Tiki alimnywesha Tiki kidogo kidogo kwa kiganja, na mtoto alipofumbua macho na kusema, "Mama, ongeza," mama yake alilia pale pale mbele ya watu, wala hakuona haya.

Wakanywa mpaka jua likakaribia kuzama. Mshale wa Nyati ulipogusa sita, wakashukuru kwa adabu, wakaenda zao kulala, na bwawa wakamwachia yeye na Chui wazungumze.

Kiangazi kile kilikuwa kirefu. Kila siku jua likifika utosini, Bwana Nyati alitoka matopeni mwenyewe, akapandisha mkono, akaitazama ile saa yake ya dhahabu, na kunguruma kwa msitu mzima, jasho likimtiririka: "Saa kumi na mbili!"

Nao wadogo, vibuyu mkononi, waliitikia kwa heshima zote: "Naam, Bwana, saa yako haikosei."

Ndiyo hivyo, wanangu: anayejivika sifa isiyo yake, sifa hiyo hiyo ndiyo itakayomtawala.