Santuri ya Marehemu Shekue

Hadithi ninayo. Wenye roho nyepesi wakalale mapema, maana hii haina huruma.

Muheza palikuwa na mjane, Bi Mwanjaa, na wanawe watatu. Semboja alikuwa na masikio: mtu akikohoa barabarani, anakutajia jina lake. Hidaya alikuwa na mdomo. Akikukosea yeye, unaomba radhi wewe. Mbelwa alikuwa na mikono, na kilichopinda kwake kilinyooka.

Mume wa Bi Mwanjaa, marehemu Shekue, alikuwa mwimbaji wa dansi. Picha yake ilibaki ukutani, lakini sauti ilikuwa imemtoka mjane kichwani, na hilo lilimuuma kuliko msiba wenyewe. Akiwa kitandani, hajiwezi, akatamka mbele ya majirani: "Atakayenifanya nisikie tena sauti ya baba yenu kabla sijafa, nyumba hii ni yake."

Weee! Watoto waliokuwa wakitegeana kumpelekea uji, wote wakapata mbio.

Semboja akapita kwa jirani mmoja, mwanachama wa klabu ya kuuza santuri kwa posta. Santuri iliyokuwa ikipigwa pale ilikwaruza, na jina lililobandikwa lilikuwa la bendi nyingine kabisa. Klabu ile haikuwa na haya. Semboja akasimama papo hapo. "Huyo ni baba!" Jirani akagoma kuitoa.

Hidaya akajiunga na klabu. Sharti lao: ukinyamaza bila kuagiza, wanakuletea wanachotaka wao, na hakirudi. Akaagiza ya baba, bado akaletewa kengele za Krismasi, kisha masomo ya Kijerumani! Akawafuata ofisini kwao Tanga, akawafokea na kuwaimbia wimbo wenyewe, mpaka meneja akamtolea santuri moja iliyobaki stoo, ili aondoke tu.

Kumbe imepinda kama chapati. Klabu ilitengeneza santuri zake kwa plastiki chakavu iliyoyeyushwa, laini, na joto la stoo likamaliza kazi. Mbelwa akaibana kati ya vioo viwili, akaianika juani, akangoja kwa subira mpaka ikalala.

Wakaiweka kwenye gramafoni. Shekue akaimba. Bi Mwanjaa akakumbatia shuka, akalia kwa furaha.

"Nyumba yangu," akasema Semboja. "Nani mwingine angemtambua? Sikilizeni anavyovuta pumzi!" Akairudisha sindano.

"Thubutu! Sikilizeni ubeti wa pili, ndio niliomwimbia meneja." Hidaya naye akairudisha.

"Bila mikono yangu sindano ingekuwa inaruka hapo! Sikilizeni kama inaruka." Mbelwa akaianza upya.

"Wanangu, basi, inatosha," mama akasihi. Nani amsikie? Wakapokezana hivyo hivyo mpaka magharibi, na kila ikipita, sindano iliila ile plastiki. Unga mweusi ukajaa kwenye ncha yake.

"Sasa niwekeeni mimi," akasema Bi Mwanjaa.

Wakamwekea. Kukatoka mchakacho mtupu, kama maandazi kwenye mafuta.

"Mbona haimbi?"

Kisha Semboja akakohoa. "Lakini mama, si ulishasikia? Nyumba ya nani?"

Ahadi ilitolewa mbele za watu, na nyumba lazima iende kwa mtu. Haya, nyinyi mnaonikodolea macho: mngempa aliyeitambua, aliyeidai, au aliyeinyoosha? Na ukishaamua, ingia wewe chumbani umjibu Bi Mwanjaa, maana bado anauliza mbona haimbi.