Mwiko wa Kikaango cha Bi Nguchiro

Hapo zamani za kale, enzi wanyama wakijipikia na kuosha sufuria zao wenyewe, alikuwako Bi Nguchiro, mjane mdogo wa kimo, mwepesi wa ulimi. Mume alishafariki, watoto walioa na kuolewa mbali. Kila akipika, chumvi ilizidi, maana mkono wake ulizoea kupikia watu wengi. Na chakula cha kula peke yako, wanangu, kinachosha hata kutafuna.

Jirani zake walikuwa Chui na Fisi. Hao kula walijua, kukaa hawakujua. Siku moja walichoma mbuzi mzima na viazi uani kwake, wakameza mapande kama watu wanaofukuzwa, wakafuta midomo, kila mmoja akashika njia yake. Bi Nguchiro hata hajakaa vizuri kwenye kigoda. Akabaki na mabaki na moshi. Alilia, siwafichi.

Asubuhi akapata wazo. Akaikatakata ile nyama iliyobaki vipande vidogo vidogo, akavipondaponda viazi, akakaanga vitunguu mpaka vikawa vyekundu, akamimina vyote kikaangoni. Chwaaa! Harufu ikatoka nje kwenda kuita watu.

"Hodi," akasema Chui, na mguu mmoja uko ndani tayari. Nyuma yake Fisi anameza mate.

"Karibuni, jirani zangu. Lakini nyama hii ina mwiko."

"Mwiko gani?"

"Hailiwi kimya. Kila tonge lina neno lake. Ukimeza kabla hujasimulia jambo lako la kweli, itakukaba hapa." Akajishika koo.

Wakubwa wale wakatazamana. Meno yote yale, na bado wanaogopa nyama iliyokufa! Lakini walikuwa na njaa, wakakaa.

Fisi akaanza. Akasimulia alivyoangua kicheko matangani kwa baba mkwe wake, akafukuzwa kabla wali haujapakuliwa. Akameza, nyama ikapita.

"Eh, kweli bwana," akasema.

Chui akakohoa. "Mama yangu aliondoka siku moja bila kuaga. Nilikuwa nimeanza kuwinda mwenyewe, akaona nimekua. Nilimngoja pale juu ya mti mpaka njaa ikanishusha."

Akameza tonge lake taratibu.

Kwa kuwa vipande vilikuwa vidogo, maneno yakawa mengi. Bi Nguchiro naye akalitaja jina la marehemu mumewe, ambalo hakuwa amelitamka muda mrefu kwa kukosa wa kumwambia. Jua likapanda na hakuna aliyeondoka. Alifurahi mwanamke yule mpaka akasahau kula.

Basi Fisi, ulafi ukamshinda. Akachota konzi nzima, akaibwia bila neno, hap! Wenzake wakamkodolea macho. Fisi akangoja kufa. Hakufa.

"Mbona sijakabwa?" akauliza.

Bi Nguchiro akainamisha kichwa. "Hakuna mwiko. Hicho ni kiporo chenu cha jana, mlichokiacha hapa. Nilitaka mkae tu."

"Yaani tumelishwa makombo yetu wenyewe, tena na kinguchiro?" Fisi akasusa, akatoka akitukana njia nzima.

Chui naye akainuka, mkia ukipiga ukuta. Bi Nguchiro akaanza kukusanya vyombo bila kumtazama. Aliona afadhali asimwone akiondoka.

Chui akafika kizingitini, akasimama. Akatazama upande wa kwake kwa muda.

"Na kwangu hakuna mtu," akasema.

Kikaango kilikuwa kitupu, hakuna hata ukoko. Chui akarudi, akaketi.

Shikeni hili, wanangu: tumbo hushiba chakula, moyo hushiba watu.