Mume wa Bibi katika Nchi ya Mazimwi

Sogeeni, niazimeni masikio yenu.

Mwanahawa alihamia nchi ya mazimwi na mwanawe, Shomari. Zimwi jirani likampa kibuyu.

"Mama Shomari, maneno ya kwenu utakayotia humu yatamtoka mtoto, na hayarudi. Lakini atapendwa."

Akatia majina ya vyakula. Mtoto akapata marafiki. Mama hakusikia kitu. Akatia nyimbo, mtoto akapata shule. Mama hakusikia kitu. Akatia salamu na utani. Mtoto akawa wa kwanza darasani. Mama hakusikia kitu.

Siku moja mama yake Mwanahawa akavuka milima kuja kumwona mjukuu. Akamshika kidevu.

"Mume wangu! Umeoa kizimwi kipya, ndiyo maana huniulizii?"

Shomari akamgeukia mama yake, akasema kwa lugha ya mazimwi, "Huyu mgeni anataka nini?"

"Kasemaje mume wangu?" bibi akauliza, anacheka.

Mwanahawa akaweka vikombe mezani.

"Anasema amekukumbuka sana, mama."

Bibi akafurahi, akasogea kwenye mkeka ili mumewe apate pa kukaa. Shomari alikwisha toka nje kucheza.

Ngano yangu imekaa hapo kwenye mkeka, nami nanyamaza.