Pimbi Aliyewapeleka Wakubwa Mwezini

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani za wanyama kutandika vitanda, kusugua vyungu na kununiana na majirani kama tunavyonuniana sisi, paliondokea pimbi mmoja katika Kilima Kipara. Kwa umbo alikuwa mnene, mfupi wa miguu, asiye na mkia. Kwa maoni yake mwenyewe alikuwa mwenye akili kuliko wote waliopata kuota jua juu ya mwamba. Maoni hayo hakuwa nayo mwingine yeyote, hata mkewe Bi Siwema, ambaye alimpenda lakini alimjua.

Kilima kile kilikuwa na wakubwa watatu. Simba alikuwa mfalme. Tembo alikuwa waziri, na kila mti wenye matunda ulikuwa wake. Kiboko aliushika mto, na mwenye kiu alibisha hodi kwake kwanza. Wadogo walikula walichoachiwa. Sasa, anayekula peke yake hali kwa raha. Kila mnong'ono anaousikia hudhani unamsema yeye. Ndivyo walivyokuwa wale watatu.

Ikatoka amri. Kila nyumba itobolewe tundu ukutani, kubwa kiasi cha sikio, nalo liitwe Tundu la Amani. Tembo aliitangaza amri hiyo kwa upole sana. Akasema asiye na la kuficha hana haja ya kuogopa tundu. Kisha wakateuliwa kwa siri Masikio ya Mfalme, wapite wakisikiliza, na kila Ijumaa wapeleke barazani walichokisikia.

Pimbi akateuliwa kuwa Sikio. Akajua papo hapo kwamba hatimaye serikali imeiona akili yake. Kumbe walimchagua kwa kuwa hana mkia wa kuchomoza akijibanza ukutani.

Mwanzoni alipeleka mambo ya kipuuzi: nani kaunguza mboga, nani kagombana na mama mkwe. Alipewa majani mabichi ya bustani ya mfalme, akala, akanenepa, akaota jua. Lakini Ijumaa moja hakuwa na habari, akaona haya kwenda mikono mitupu. Akasimulia kwamba jirani yake, Nungunungu, amesema manyoya ya shingo ya mfalme yameanza kupukutika.

Alidhani baraza litacheka. Hakuna aliyecheka. Jua halijatua, Fisi askari alikuwa amekwisha kumburura Nungunungu na kumtia shimoni, puu. Mkewe akabaki akiufagia ua wake, akimaliza anaanza tena, kama aliyesahau kwamba ameshaufagia.

Pimbi alimwona kutoka mwambani pake. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliwaza kwamba pengine yeye si mwenye akili, na wazo hilo lilimuuma hata akalikimbia. Badala yake akawakasirikia wakubwa. Siku ile mezani, mdomo umejaa mchicha, akamwambia mkewe:

"Laiti hawa wakubwa wangehamia mwezini, nasi tukapumua."

Siwema akamwongezea mchicha.

Wiki moja baadaye, asubuhi baada ya Ijumaa, Fisi alikuja mlangoni. Pimbi alipelekwa barazani, na njiani, wanangu, sitawaficha, alijikojolea kidogo. Mapimbi wamezoea kufanya hivyo juu ya miamba yao, lakini si barabarani mbele ya watu.

Simba alikuwa ameketi katikati, Tembo kulia, Kiboko kushoto. Simba akamuuliza kama ni kweli amesema wao wahamie mwezini.

Pimbi akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Kukana hakufai, maana wameshaambiwa. Kuomba radhi hakufai, maana Nungunungu aliomba. Basi ulimi wake ukatangulia, akili ikafuata nyuma ikihema.

"Nilisema, mfalme wangu," akajibu. "Nikashangaa pia kwa nini mpaka leo hamjahamia."

Simba akamwambia aendelee.

Akaendelea. Akasema kwamba katika ukoo wao wa mapimbi kuna neno la wahenga: mwenye shimo moja ana kaburi. Sisi wanyonge, akasema, hatulali mpaka tumechimba shimo la pili. Je, wakubwa wana nini? Wana kilima kimoja tu. Siku kikishika moto, au mto ukikauka, ufalme wote umekwisha, na watakaobaki ni siafu. Lakini ufalme wenye makao mawili, hapa na kule juu, nani ataufuta?

Neno hilo lilimwingia Simba, kwa sababu lilikuwa na kweli ndani yake, na uongo hauna kiungo kizuri kuliko kweli kidogo.

Tembo akauliza watapata faida gani nyingine. Pimbi akamkumbusha kwamba hakuna aliyewahi kujificha mwezi usimwone. Ukiwa kule juu, kila shimo liko chini ya macho yako. Hakuna haja ya matundu wala Masikio. Tena hakuna wa kunung'unika, maana hakuna mtu.

Kiboko, ambaye hakuwa msemaji, akataka kujua kama kuna matope.

"Yale madoa meusi unayoyaona usoni mwa mwezi," Pimbi akamwambia, "wewe ulidhani ni nini?"

Kiboko akafumba macho, akatabasamu.

Ikabaki safari. Pimbi akawauliza kama hawajapata kuuona mwezi asubuhi, siku zinazofuata usiku wa mwezi mpevu, ulivyopauka na kuchoka, ukiegemea safu ya milima ya magharibi. Huo ndio wakati wake wa kupumzika, akasema. Mtu akiuwahi pale umelala, anaukanyaga tu, anapanda kama anayepanda kitandani. Walikuwa wameuona hivyo tangu utotoni wote watatu, na kila mmoja akajilaumu moyoni kwa nini hakuwaza.

Simba akasimama, akampongeza Pimbi kwa fikra zake pevu. Kisha akatoa amri nyingine: safari hii ni ya manufaa ya kilima kizima, kwa hiyo kila nyumba itoe nusu ya akiba yake ya chakula kwa ajili ya Kijiji cha Mwezini.

Pimbi alirudi nyumbani akitembea kwa madaha. Alidhani atapokewa kwa vigelegele. Alimkuta Panya akitoa nje mtama wake, Kicheche akitoa mayai, Kobe akivuta kikapu cha mizizi. Wote walimtazama, hakuna aliyemsalimu. Mke wa Nungunungu alikuwa na viazi vitatu tu. Akatoa viwili, kimoja chake na kimoja kwa niaba ya mumewe aliye shimoni.

Ndani, Siwema alikuwa akifunga mzigo wao wa mchango.

"Ulitaka wakubwa waondoke," akamwambia. "Mpaka sasa kilichoondoka ni chakula chetu."

Pimbi akajitetea kwamba yeye hana kosa, aliyepeleka maneno yake barazani ndiye mwenye kosa, na akimjua atamng'ata sikio.

"Ning'ate basi," Siwema akasema. "Nilipeleka mimi."

Pimbi akakaa chini. Siwema akamweleza bila kupepesa macho kwamba yeye naye ni Sikio, tangu zamani, na kwamba kila Ijumaa anatakiwa habari. Yeye hatoki, yuko jikoni. Sasa atamsikia nani kama si mumewe, ambaye hafungi mdomo hata akitafuna? Tena hayuko peke yake. Panya ni Sikio. Kicheche ni Sikio. Kobe ni Sikio, ila habari zake hufika zimechacha. Kilimani pote, akasema, asiyekuwa Sikio ni Nungunungu peke yake, ndiyo maana yuko shimoni.

Pimbi alitaka kukasirika. Akakumbuka uso wa mke wa Nungunungu, hasira ikakosa pa kukaa. Walitazamana mume na mke, halafu, kwa sababu hapakuwa na jingine la kufanya, wakacheka.

Katika kicheko hicho ndipo Pimbi alipong'amua jambo. Kama wote ni Masikio, basi hakuna njia fupi ya kwenda kwa mfalme kuliko tundu la ukutani. Safari hii akaipima fikra yake kwanza kwa mkewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Siwema akaisikiliza, akairekebisha pale ilipokuwa ya kipumbavu, akatoka kwenda kuwaambia majirani.

Toka siku ile Masikio yalikuwa na kazi. Panya alikaa karibu na tundu lake akasema kwa sauti kwamba anashukuru sana kuchanga, kwa kuwa anayechanga chakula atapata kiwanja, na yeye amechagua kiwanja ubavuni mwa mfalme. Kicheche akasema mwezini hakuna mkubwa wala mdogo, atamwita Tembo kwa jina lake tu. Kobe akasema atakoga kwenye matope ya Kiboko kabla Kiboko hajaamka. Kila mmoja alimsikia mwenzake, na kila mmoja, kama Sikio mwaminifu, akapeleka habari barazani. Kwa mara ya kwanza Masikio yote yalisema kitu kimoja.

Wakubwa walikaa kikao siku nzima. Kiboko alitoka humo akitokwa na mapovu. Jioni Tembo akatangaza kwamba serikali, kwa huruma yake, imewarudishia wadogo chakula chote. Kijiji cha Mwezini kitajengwa kwa maghala ya wakubwa wenyewe. Na mdogo yeyote atakayechanga hata punje, au kuukanyaga mwezi hata kwa unyayo mmoja, atatiwa shimoni.

Wadogo walipokea tangazo hilo kwa huzuni kubwa. Panya alilia kweli kweli, alikuwa na kipaji hicho.

Siku ya safari ilipofika, mwezi mzima uliopauka ulikuwa umeegemea milima ya magharibi, na jua limeshachomoza. Maghala yalikuwa matupu, mizigo iko migongoni. Fisi naye alikuwa na furushi lake. Alisikia mwezi wenyewe ni mweupe, akakata shauri kwamba ni mfupa. Simba akamtaka Pimbi aseme maneno ya kuwaaga.

Pimbi akapanda mwambani. Alikuwa amekusudia kusema machache tu. Lakini alipouona umati, ulimi ukamtangulia tena. Akaeleza ile nchi mpya: upepo wake usio na vumbi, matope yake laini, ukimya wake usio na matundu wala masikio, na jinsi watoto wa watoto watakavyouliza ni nani aliyekuwa wa kwanza kuthubutu. Alisema hata machozi yakamtoka. Kiboko alilia wazi. Kisha ngoma zikalia, wakubwa wakashuka kilima wakisukumana, kila mmoja akitaka kutangulia kuchagua kiwanja.

Walipopotea machoni, wadogo walikwenda mbio shimoni. Fisi hayupo, lindo hakuna. Wakashusha mzabibu-mwitu, wakamvuta Nungunungu, amekonda, miiba yake imelala. Mkewe alimpangusa udongo usoni kwa ncha ya kanga, akampangusa tena hata palipokuwa safi. Wengine waliteremka mtoni, wakanywa bila kubisha hodi. Wengine wakaanza kuziba matundu kwa udongo.

Siwema alitaka mumewe ayaone hayo. Akamtafuta mwambani, hayupo. Mtoni, hayupo. Akamtafuta nyumbani, akakuta shuka moja haipo.

Alimkuta bondeni, chini ya jua kali, kwenye vumbi la nyayo za Tembo. Alikuwa anaelekea magharibi kwa vile vimiguu vyake, anahema, na kichwani ana kifurushi.

"Unakwenda wapi, bwana?"

"Natazama tu kama wamefika mbali."

"Na mzigo?"

Pimbi akakitua kifurushi, akatazama pembeni. Akasema kwa sauti ya chini kwamba amewaza sana, kwamba nchi kama ile si ya kuwaachia wale peke yao, na kwamba mtu akijificha nyuma yao hawatamwona, yeye hana mkia. Na kule kuna ukimya, akasema. Kuna yale matope.

"Aliyekwambia kuna matope ni nani?" Siwema akamuuliza.

Pimbi akafungua mdomo kumtaja. Akaufunga. Akaigeukia milima ya magharibi: mwezi ulikuwa umekwisha kutua kitambo, na mbali sana kulionekana vumbi la wakubwa likivuka safu ya kwanza ya milima, linakwenda kuutafuta nyuma ya safu ya pili.

Masikio yakamlegea. Kisha Siwema akajitwika kile kifurushi, wakarudi kilimani pamoja. Njia nzima Pimbi hakutia neno, na hilo lilikuwa halijapata kutokea tangu azaliwe.

Hadithi imekomea hapo, wanangu. Ikiwa tamu igawaneni, ikiwa chungu nirudishieni mwenyewe, na neno lake ni hili: apikaye uongo mtamu asiuonje.